Bingwa wa Kiti Mwendo Huanzia Wodini

Orodha ya mabingwa wa mbio za barabarani za viti mwendo ni rahisi kusoma. Kila mwaka huongezwa jina la mwanamume na jina la mwanamke, pamoja na nchi zao na muda waliotumia. Wengi huisoma kama orodha ya mikono yenye nguvu na mioyo isiyokata tamaa. Usomaji huo si wa kosa, lakini haujakamilika. Mhudumu wa afya aliyeko Bukoba au Muleba, pamoja na mgonjwa anayemhudumia, wana sababu ya kuisoma kwa jicho jingine. Nyuma ya majina mengi katika orodha hiyo ipo ngozi iliyolindwa, zipo figo zilizookolewa, na kipo kiti kilichopimwa kulingana na mwili wa mwenye kukikalia. Ikisomwa kitabibu, historia ya mabingwa hawa ni historia ya huduma. Mahali ambapo huduma ilikosekana, orodha nayo ina nafasi tupu.

Ushahidi wa jambo hili unatangulia mbio zenyewe. Hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtu aliyeumia uti wa mgongo akapooza miguu alitazamiwa kufa baada ya muda mfupi. Kilichomuua hakikuwa kupooza. Aliuawa na vidonda vya mgandamizo vilivyochimba hadi mfupani, na maambukizi ya mkojo yaliyopanda hadi kwenye figo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia utawala wa Hitler, alianza kuwatibu wagonjwa wa aina hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Mambo aliyoyasimamia hayakuwa ya ajabu: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2 usiku na mchana, kibofu kihudumiwe kwa usafi, na mtu asiachwe kitandani bila shughuli. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile ilipofunguliwa Michezo ya Olimpiki ya London, washindani 16 waliojeruhiwa vitani walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mishale katika viwanja vya hospitali hiyo. Huko ndiko yalikochipukia mashindano ambayo leo dunia inayaita Paralimpiki. Mpangilio wake ufaao kukumbukwa ni huu: wagonjwa waligeuzwa kwanza, ndipo wakashindana.

Daktari aliyeanzisha mbio

Barabarani, historia huanzia Boston nchini Marekani. Mwaka 1975 kijana Bob Hall, aliyepata polio utotoni, aliomba kushiriki marathoni ya mji huo kwa kiti mwendo. Aliahidiwa cheti cha kumaliza endapo angetumia muda usiozidi saa 3. Alitumia saa 2 na dakika 58, akapewa cheti chake. Miaka 2 baadaye mwanamke wa kwanza, Sharon Rahn, naye alimaliza mbio hizo kwa kiti mwendo.

Hata hivyo, kwa msomaji wa jarida la tiba, mbio zenye somo kubwa zaidi ni zile za Oita nchini Japani, kwa kuwa mwanzilishi wake alikuwa daktari wa mifupa. Yutaka Nakamura alikwenda Stoke Mandeville mwaka 1960 kujifunza kwa Guttmann. Aliporudi Japani alianza kuwatoa wagonjwa wake kitandani na kuwapeleka viwanjani, na mwaka 1965 alianzisha katika mji wa Beppu taasisi ya kuwapatia watu wenye ulemavu kazi za kujipatia kipato. Mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, mbio za Oita zilifanyika kwa mara ya kwanza, zikiwa za viti mwendo peke yake. Mwaka huo umbali ulikuwa nusu marathoni. Marathoni kamili iliongezwa mwaka 1983. Mshindi wa kwanza alikuwa Georg Freund wa Austria.

Jina linaloitawala historia ya Oita ni la Heinz Frei wa Uswisi. Frei aliumia uti wa mgongo mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 20, alipoanguka katika mbio za milimani. Alishinda Oita mara 14. Mwaka 1999 aliweka huko rekodi ya dunia ya saa 1, dakika 20 na sekunde 14, iliyodumu kwa zaidi ya miaka 20. Aliyeivunja mwaka 2021, katika barabara hizo hizo za Oita, alikuwa Mswisi mwenzake Marcel Hug, kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47. Rekodi ya wanawake ya wakati huo, ya saa 1, dakika 35 na sekunde 42, iliwekwa hapo hapo mwaka 2019 na Mswisi mwingine, Manuela Schär, aliyepooza kwa ajali ya utotoni.

Inakuwaje nchi ndogo kama Uswisi itoe mabingwa watatu wa namna hii? Jibu moja liko katika kijiji cha Nottwil. Huko, kwa juhudi za daktari Guido Zäch, kilifunguliwa mwaka 1990 kituo cha taifa cha kuwatibu watu waliopooza, na jirani na majengo yake kuna uwanja wa riadha. Mtu aliyevunjika mgongo hupata huko upasuaji, mafunzo ya kibofu na ngozi, kiti kilichopimwa na mwalimu wa mbio, bila kuondoka katika eneo hilo. Frei, hata alipotimiza umri wa miaka 63, bado alishiriki Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Ushindi 14 ni jambo kubwa. Miaka 43 ya kuishi na mgongo uliovunjika bila kuuawa na figo wala kidonda ni jambo kubwa zaidi, na ndilo linalopaswa kuandikwa kwanza katika daftari la daktari.

Watoto wa mgongo wazi

Kundi jingine la mabingwa linamhusu moja kwa moja mkunga wa zahanati yoyote ya Muleba. Tanni Grey-Thompson wa Uingereza alishinda London Marathon mara 6. Jean Driscoll wa Marekani alishinda Boston mara 8. Tatyana McFadden, Mmarekani aliyezaliwa Urusi, mwaka 2013 alishinda Boston, London, Chicago na New York katika mwaka mmoja. Wa nne ni yule yule Marcel Hug. Wote wanne walizaliwa na mgongo wazi.

Kauli ya kwanza anayoisikia mama aliyejifungua mtoto wa mgongo wazi huamua mengi. Akiambiwa kwamba mtoto huyu hana maisha, atamrudisha nyumbani, na kidonda kitafanya kazi yake. Akiambiwa ukweli, kwamba mgongo ufunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, mtoto asilazwe chali, apewe rufaa siku hiyo hiyo, azibwe mgongo katika siku za mwanzo, kichwa chake kipimwe kwa futi kila mara ili maji yakijaa yatolewe mapema, na kibofu chake kifuatiliwe tangu uchanga, mama huyo hubeba mpango mkononi. McFadden alikaa siku 21 kabla ya kufanyiwa upasuaji, kisha aliishi miaka 6 katika kituo cha watoto yatima bila kiti mwendo, akitembea kwa mikono yake. Alipona. Lakini bahati ya mtoto mmoja haiwezi kuwa mpango wa huduma wa mkoa mzima.

Kinga nayo ina sura yake ya pekee katika Kagera. Vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, hupunguza sana hatari ya mgongo wazi, ila mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito, sembuse kufika kliniki. Kwa sababu hiyo mataifa mengi, Tanzania ikiwamo, yameweka utaratibu wa kuongeza virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa viwandani. Utaratibu huo ni mzuri, lakini mlo mkuu wa Mhaya ni ndizi, na ndizi hutoka kibanjani hadi chunguni bila kupita kiwandani. Mwanamke wa Kamachumu au Ihangiro anaweza kupikia familia yake mwaka mzima asiguse unga huo mara nyingi. Kwake kinga haina budi kupitia kwenye kidonge kabla ya mimba, na mahali pa kuzungumzia kidonge hicho ni huduma ya uzazi wa mpango, kliniki ya mtoto aliyetangulia, na mafundisho ya wachumba kanisani na msikitini. Mama aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi anahitaji dozi kubwa zaidi, kwa maelekezo ya daktari.

Nafasi tupu za Afrika

Afrika ina bingwa wake mkubwa katika historia hii. Ernst van Dyk wa Afrika Kusini alishinda Boston mara 10. Afrika Mashariki nayo ina jina la kujivunia: Anne Wafula Strike, aliyezaliwa Kenya na kupata polio kabla ya kutimiza miaka 3, ambaye mwaka 2004 mjini Athens alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kushindana katika mbio za viti mwendo kwenye Paralimpiki. Karibu zaidi na nyumbani, Kilimanjaro Marathon ya Moshi imewahi kuwa na mashindano ya viti mwendo na baiskeli za kuendeshwa kwa mikono.

Mtaalamu akiyatazama majina hayo mawili ataona jambo moja. Van Dyk alizaliwa bila miguu kamili; Wafula Strike alipata polio. Hali zote mbili ni nzito, lakini kwa kawaida hazimwondolei mtu hisia za ngozi yake, wala hazimfanyi kibofu kiwe adui wa figo. Mifano miwili haitoshi kuwa kanuni. Hata hivyo, inaleta swali ambalo hospitali hazina budi kulijibu: wako wapi Waafrika walioumia uti wa mgongo, na wako wapi waliozaliwa na mgongo wazi, ambao kwingineko ndio wanaojaza jukwaa la washindi? Inahofiwa kwamba wengi hawakushindwa mbio. Walifia kwenye mkeka, kwa kidonda kilichoweza kuzuiwa.

Sura ya nchi ya Bukoba na Muleba inalifanya swali hilo kuwa zito zaidi. Barabara kuu itokayo Bukoba hupita Kemondo na kuingia Muleba kwa mapando na miteremko, na anayeiacha kuelekea uwanda wa juu wa Kamachumu hupanda mlima mkali. Nyumba nyingi ziko katikati ya migomba, njia ni za udongo, mvua ni nyingi. Wapo wanaoanguka kutoka mitini, wapo wanaojeruhiwa kwa pikipiki, na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilionyesha namna ukuta unavyoweza kumwangukia mtu mchana kweupe. Majeruhi wa mgongo huumizwa mara ya pili anapopakiwa kwenye bodaboda, akiwa amebanwa katikati ya dereva na ndugu anayemshika. Mtu wa aina hiyo alazwe juu ya ubao au mlango ulioondolewa bawabani, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja, abebwe hivyo hivyo hadi lipatikane gari la kumlaza. Elimu hii wapewe madereva wa bodaboda wenyewe, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaofika kwanza.

Mambo manne yasiyosubiri mashine

Yaliyowavusha mabingwa wa Oita na Boston hayahitaji yote mashine za gharama kubwa. La kwanza ni ngozi. Aliyelala ageuzwe kila baada ya saa 2. Aliyekaa kwenye kiti ajinyanyue au ainame mbele na pembeni kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kila jioni yeye au ndugu yake akague makalio, nyonga na visigino, kwa kioo ikibidi. Wekundu au weusi usiotoka baada ya kuondoa uzito ni kidonda kilichoanza, na dawa yake ya kwanza ni kutopakalia mahali hapo.

La pili ni kibofu. Pale inapowezekana, kuingiza mpira safi na kutoa mkojo kila baada ya saa 4 hadi 6 ni bora kuliko kuuacha mpira ndani kwa miezi. Ni kazi ambayo mgonjwa mwenyewe, au mama wa mtoto, hufundishwa akaimudu.

La tatu ni hatari ambayo haijulikani vya kutosha. Mtu aliyeumia shingo au nusu ya juu ya mgongo akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, jasho usoni na shinikizo la damu kupanda, hiyo ni dharura. Akalishwe wima, nguo zilegezwe, mpira wa mkojo uangaliwe kama umekunjika au umeziba, kisha choo na ngozi vikaguliwe. Hali isipotulia mara moja, awahishwe hospitali. Wapo wanariadha waliojisababishia hali hiyo kwa makusudi ili mwili upate nguvu ya ziada, na uongozi wa Paralimpiki ukapiga marufuku, maana huweza kuua.

La nne ni kiti chenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 unaosema wazi kwamba kiti kinachofaa ni kile kinachokidhi mahitaji ya mtu na mazingira yake, kinachomkaa vizuri, kilicho salama na imara, na kinachoweza kutengenezwa nchini. Kiti cha korido za hospitali, chenye magurudumu madogo mbele, huzama kwenye udongo wa kibanjani siku ya kwanza ya mvua. Kiti kipana kuliko nyonga humpindisha mtoto mgongo. Kiti kisicho na mto wa kukalia huzaa kidonda. Chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoko KCMC mjini Moshi kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1981, na wahitimu wake wanaijua kazi ya kupima na kurekebisha viti. Hivyo, hafla ambapo viti mwendo vya saizi moja hugawiwa kwa watu 20 wenye miili 20 tofauti, picha zikapigwa na magari yakaondoka, haipaswi tena kuitwa msaada wa kitabibu.

Mbio kama rejista

Watakuwapo wa kuuliza: mipira ya mkojo yenyewe haitoshi, mbio ni za nini? Swali ni la haki, na mbio zisizo na huduma nyuma yake kweli ni tamasha tu. Lakini mbio za kila mwaka zina sifa ambayo kliniki nyingi hazina: huwaita watu warudi. Mgonjwa wa mgongo akisharuhusiwa kutoka hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, au Ndolage, Rubya na Kagondo huko Muleba, hupotelea vijijini hadi kidonda kimrudishe. Mbio fupi ya kilomita 5 katika barabara za tambarare za Bukoba, jirani na uwanja wa Kaitaba na ufukwe wa ziwa, inaweza kuwa rejista yake.

Isisubiri viti vya mashindano vya magurudumu matatu, ambavyo bei yake ni kubwa. Wenye viti vya kawaida washindane wao kwa wao, wenye baiskeli za mikono wao kwa wao. Kama ilivyo kimataifa, ambako wenye ulemavu wa uti wa mgongo na miguu hupangwa kuanzia T51 hadi T54 kwa kadiri ya uwezo wa misuli, asiyeweza kukunja vidole asipambanishwe na mwenye mikono kamili. Siku moja kabla, kila mshiriki akaguliwe ngozi, mkojo, mabega na kiti. Mwenye kidonda kilicho wazi asikimbie. Atibiwe, na jina lake liandikwe pamoja na ya wengine. Matengenezo ya viti yafanywe na watu wenye ulemavu wenyewe, ambao sheria imewatengea asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya mikopo. Karakana ndogo ya spoku, pancha na mito ya kukalia ni mradi halali wa kuombea mkopo huo.

Kisha pawe na orodha mbili. Ya kwanza ni ya washindi, wapewe vikombe vyao kwa shangwe. Ya pili ni ya waliorudi: nani alikuwapo mwaka jana na yupo mwaka huu. Asiyeonekana atafutwe nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii ndani ya wiki hiyo, hata kama kwao ni juu ya mlima usiopandwa na gari. Mkoa utakaoitunza orodha hiyo ya pili kwa miaka 10 utapata mabingwa bila kuwatafuta, kwa kuwa bingwa, kabla ya jambo jingine lolote, ni mtu aliyebaki hai hadi siku ya mbio.